Mtoto Anataka Kusomea Mazingira, Baba Mdogo Anasema ni Kazi ya Kufagia

Mwezi huu ukurasa wetu wa masomo unamjibu mama mmoja wa Mongbwalu. Binti yake amepata diploma ya Leta katika sekisio ya kemia na biolojia, na anataka kwenda Bunia kusoma universite: usimamizi wa mazingira na teknolojia yake. Mama amekubali. Mume wake hajasema neno. Lakini baba mdogo wa mtoto, ambaye ana mashimo mawili na ndiye angetoa sehemu kubwa ya feza, amekataa kabisa. Maneno yake mama ameyaandika vile yalivyotoka kinywani: "Miaka mitatu Bunia juu ya kujifunza kufagia? Takataka tunajua kutupa bila diploma. Mutoto asome udaktari, ao abakie hapa tumutafutie bwana." Mama anauliza: je, shemeji yangu anakosea? Na kama anakosea, nimwambie nini?

Tuanze kwa kumtetea kidogo shemeji yako, mama. Neno la kufagia hakuliokota hewani. Hapa kwetu watu wengi wamekutana na neno "mazingira" siku ya salongo: jembe, ufagio, mitaro, na mwenye duka ambaye hawezi kufungua mpaka kazi iishe. Halafu wakaliona tena kwenye mabango ya mashirika, lenye picha ya mti. Mtu aliyezoea kupima kila kitu kwa gramu, ukimwonyesha mti na ufagio, hawezi kuona ni nini anacholipia.

Masomo yenyewe ni kitu kingine. Ni kujua kazi ya watu inafanya nini kwa maji, kwa udongo, kwa hewa na kwa miili yetu. Ni kuipima kwa namba. Halafu ni kutafuta namna ya kupunguza ubaya wake bila kuifunga kazi. Ile sehemu ya mwisho ndiyo teknolojia. Binti atasoma sheria, ndiyo, lakini atasoma pia kemia ya maji, mwendo wa mito, udongo, vijidudu, hesabu za takwimu, kuchora ramani kwa picha za satelaiti, namna ya kujenga filtre ya mchanga na bwawa la kutuliza matope. Ufagio hatauona sana.

Sasa tuchukue kitu ambacho shemeji anakijua kuliko sisi. Mawe yakisha kusagwa na mchanga ukisha kusafishwa, watu wanatia zebaki, ile ambayo kwenye machimbo wanaita tu merkire. Zebaki inashika vumbi la zahabu, vinakuwa kibonge kimoja cheupe. Kibonge kinatiwa juu ya moto, mara nyingi kwa kijiko ao kikopo, mara nyingi nyumbani kabisa, na zebaki inatoroka, zahabu inabaki. Kila mtu Mongbwalu anajua mpaka hapo. Mtu wa mazingira anauliza swali moja zaidi: imetorokea wapi?

Zebaki inachemka kwa digri 357. Inakuwa moshi usio na rangi wala harufu. Wa kwanza kuuvuta ni yule anayepuliza makaa, na wa pili ni mtoto aliyebebwa mgongoni. Unaobaki unapanda, unapoa, unashuka juu ya mabati na juu ya bustani, na mvua inauteremsha. Ule unaofika kwenye matope ya mto unakutana na vijidudu ambavyo vinaugeuza kuwa zebaki ya namna nyingine, mbaya kuliko ya kwanza, inayoingia katika nyama ya samaki. Samaki mdogo analiwa na samaki mkubwa, na kila hatua sumu inaongezeka. Mwishoni mwa safari hiyo kuna sahani yetu.

Kuna mji mmoja wa Japani, jina lake Minamata, ambao dunia nzima imeujua juu ya jambo hilo. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kinamwaga zebaki ya namna hiyo baharini. Mwaka 1956 waganga walitangaza ugonjwa ambao hawakuujua: watu wanatetemeka, hawaoni vizuri, hawawezi kutembea. Hata paka walikuwa wanayumba barabarani. Jambo lililoumiza zaidi ni hili: mama aliyekula samaki aliweza kuonekana mzima, halafu akazaa mtoto mwenye ubongo ulioharibika. Kiwanda hakikuacha mpaka 1968. Ndiyo sababu mkataba wa mataifa juu ya zebaki unaitwa Mkataba wa Minamata. Ulipitishwa 2013 na ukaanza kufanya kazi mwaka 2017. Na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, katika hesabu yake ya mwaka 2018, liliona kwamba zebaki nyingi inayopanda hewani duniani haitoki kwenye viwanda vikubwa. Inatoka kwa wachimbaji wadogo wa zahabu, karibu sehemu 38 juu ya 100. Ni watu kama sisi.

Mama, shemeji yako ni mtu wa mizani, basi mpe hesabu. Shirika la afya la dunia, OMS, limeweka kikomo cha zebaki katika maji ya kunywa: miligramu 0,006 kwa lita moja. Gramu moja ni miligramu 1 000. Gawanya. Gramu moja ya zebaki inatosha kufikisha maji zaidi ya lita 160 000 kwenye kikomo hicho. Kwa bidoni zetu za lita 20, ni bidoni zaidi ya 8 000. Kwa kweli zebaki haiyeyuki yote namna hiyo majini. Nyingi inazama na kulala katika matope, ikingoja vile vijidudu. Lakini hesabu inaonyesha ukubwa wa jambo. Na wale wanaofuata kazi hiyo wanasema kwamba kwa kawaida kila gramu ya zahabu inayopatikana kwa njia ya zebaki inaacha nyuma gramu moja ya zebaki, ao zaidi. Shemeji anajua gramu ngapi zimepita mikononi mwake tangu aanze.

Tena dawa yake si kufunga mashimo. Kuna chombo cha chuma kinachofungwa vizuri, chenye mfereji unaopita katika maji baridi. Kibonge kinatiwa ndani, moto chini. Moshi wa zebaki unapita katika mfereji, unapoa, unarudi kuwa maji mazito, unadondoka kwenye kikombe. Kikitumiwa vizuri kinarudisha zaidi ya tisa juu ya kumi. Zebaki inauzwa, haiokotwi. Basi anayeirudisha amerudisha feza yake. Fundi wa chuma anayejua kazi anaweza kukitengeneza. Kwa nini basi hakijaenea kila mahali? Sababu mara nyingi kinaletwa na mtu wa seminari ya siku mbili, anayegawa tisheti na soda na kurudi kwa ndege. Chombo kikivuja hakuna wa kuuliza. Mtu aliyesoma, anayekaa hapahapa, anayesalimiwa na mama wa sokoni kwa jina lake, ndiye anayekosekana.

Zebaki ni somo moja tu. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara huko Nigeria, watoto zaidi ya 400 wa chini ya miaka mitano walikufa katika miezi michache. Mababa walikuwa wameleta mawe ya zahabu nyumbani, na mawe yale yakapondwa na kusagwa humo katikati ya makao, karibu na vyakula. Mawe ya pale yalikuwa na risasi ndani, ile metali ya kulemea, na vumbi lake likaingia katika midomo ya watoto. Hakuna aliyejua, kwa sababu kwa macho jiwe lenye risasi na jiwe lisilo na risasi yanafanana. Kujua, unahitaji kupima. Nani amepima mawe ambayo wamama wetu wanaponda uani? Hatuandiki hivi kusudi watu waogope. Mawe ya kila mlima yana tabia yake. Tunaandika kwamba swali hilo linajibiwa katika labo, na wanaojua kulijibu wanafundishwa kwa miaka mitatu.

Na karibu zaidi bado. Wazee wanakumbuka Durba, upande wa Watsa, katika mali ileile ya Kilo-Moto. Kati ya 1998 na 2000 ugonjwa wa Marburg ulishika watu 154 kule, na 128 walikufa. Karibu nusu yao walikuwa vijana wachimbaji, na wengi walikuwa wanashuka katika shimo la Gorumbwa, kwenye giza, pamoja na popo. Ugonjwa ulikoma wakati maji yalipojaa katika shimo na hakuna mtu aliyeweza kuingia tena. Waganga waliwatibu wagonjwa, na wengine wao walikufa pamoja nao. Lakini kusema shimo gani lifungwe, hewa ipite wapi, popo wanakaa wapi, hiyo ni kazi ya upande wa mazingira. Shemeji anasema mtoto asome udaktari. Daktari anamngojea mgonjwa afike. Huyu mwingine anakwenda kutafuta shimo ambalo ugonjwa unatoka. Tunawahitaji wote wawili, na udaktari ni miaka mingi zaidi na feza nyingi zaidi. Hilo pia mwambie.

Tuje kwenye mkate, maana najua ndiyo neno la kwanza atakalouliza: "Atakula nini?"

Tangu mchimbo wa kwanza uonekane kwenye mto Agola, karibu na Kilo, mwaka 1903, zahabu yetu imehesabiwa vizuri sana, na maji yetu hayakuhesabiwa. Sheria imebadilika. Kodi ya madini ya 2002 iliomba kampuni zilete mipango ya mazingira kabla ya kuchimba. Sheria ya 2011 iliweka misingi ya ulinzi wa mazingira kwa nchi nzima. Mwaka 2014 ikaundwa Ajansi ya Kongo ya Mazingira, ACE, ambayo inachunguza mafunzo hayo ya kampuni. Na kodi ilipogeuzwa Machi 2018, iliongeza mambo mawili yanayotuhusu: kampuni inapaswa kutoa sehemu 0,3 juu ya 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale, na katika ile kodi ya madini inayolipwa kwa Leta, sehemu 15 juu ya 100 ni za mahali penyewe panapochimbwa.

Maneno mazuri. Lakini nani wa Mongbwalu anaweza kusoma fungu la karatasi mia tatu, Kifaransa kitupu, lenye ramani na namba za maji, na kusema "hapa wamekosea"? Kampuni inaleta wataalamu wake. Leta inaleta wake. Watu wa kijiji wanaleta chifu na kalamu ya kutia sahihi. Wakiwa na mtoto wao mmoja mezani anayejua kwamba pH ya 4 si "karibu sawa" na pH ya 5, bali ni ukali mara kumi zaidi, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kazi ya mshahara ipo, lakini tusidanganyane. Mgodi mkubwa wa Kibali, huko Haut-Uele, ulioanza kutoa zahabu mwaka 2013, una watu wa mazingira. Hospitali, huduma za maji, mashirika, wizara, mashule, wote wanaajiri, kila mmoja kidogo. Mongbwalu yenyewe iliona kampuni ya AngloGold Ashanti ikija na matumaini makubwa, halafu mwaka huohuo wa 2013 ikasimamisha mradi. Mashirika yanafuata feza za Ulaya. Zikiisha wanafunga ofisi. Leta inalipa ikilipa. Mzazi anayetuma mtoto akifikiri gari jeupe linamngojea mlangoni, heri asimtume. Anayetuma akifikiri mtoto atakuwa na ujuzi wa kutengeneza maji safi, kupima visima, kuchora ramani, kuandika miradi na kujitafutia kazi mwenyewe, huyo anaona vizuri.

Sasa mambo ya safari yenyewe, mama, kama familia inakubaliana.

Bunia kuna Universite ya Bunia, UNIBU, na kuna Universite Shalom, iliyozaliwa na shule ya juu ya teolojia iliyoanza 1961. Mbali zaidi kuna Kisangani, yenye fakilte ya usimamizi wa mali ya asili, pamoja na IFA Yangambi kwa mambo ya kilimo. Msitazame jina la idara peke yake. Neno "environnement" linaweza kuandikwa mlangoni hata pale ambapo ndani kuna ubao na chaki tu. Binti aende mwenyewe, aombe kuonyeshwa labo, aone kama kuna vyombo vya kupima maji na kama vinatumika ao vimefungwa katika kabati. Awaulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho mara ngapi wametoka kwenda mtoni. Ikiwa jibu ni "bado", ajue. Tena aulize kama idara hiyo imekubaliwa na wizara ya masomo ya juu. Diploma isiyokubaliwa ni karatasi ya kufungia karanga.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia katika mpango wa LMD. Zamani ilikuwa gradua miaka 3 na lisansi miaka 2. Sasa lisansi ni miaka 3, mastere miaka 2, na doktora baadaye. Kwa hiyo ile "miaka mitatu" ya shemeji ni sawa, kama mtoto hashindwi mwaka. Na kushindwa kunatokea zaidi katika hesabu na kemia. Yeye anatoka kemia na biolojia, ana bahati. Mwenye kutoka sekisio nyingine ajitayarishe kabisa kabla ya Oktoba. Baada ya lisansi, mwenye kichwa anaweza kutafuta nafasi katika ERAIFT ya Kinshasa, shule iliyofunguliwa 1999 kwa Waafrika wa nchi nyingi, inayofundisha utunzaji wa misitu na mahali pa kuishi. Lakini hiyo ni ya kesho.

Juu ya feza, hesabuni yote mapema. Baba wengi wanahesabu minervali tu. Halafu inakuja feza ya kuandikishwa, ya labo, ya vitabu na fotokopi, ya staji, ya kutetea kazi ya mwisho. Na nyuma ya hayo chumba, makaa, sabuni, chakula. Vijana wanaosimama katika mwaka wa pili mara nyingi akili iko, kilichokosekana ni chumba na unga. Kama kuna mama mkubwa ao shangazi Bunia wa kumpokea, hapo nusu ya mzigo imetoka. Lakini kubalianeni tangu mwanzo atafanya kazi gani nyumbani na saa gani ni za kusoma, kwa maana binti anayepika kwa watu kumi kila usiku hatajua kemia ya kitu chochote.

Na barabara. Tangu mwisho wa 2017 vita vimerudi katika Djugu, na zile kilometa karibu 80 kati ya Mongbwalu na Bunia zimekula watu wengi. Msimwite nyumbani kila likizo juu ya kumkumbuka. Safari moja kwa mwaka, wakati watu wanasema njia inapitika, inatosha. Safari hiyo aitumie kwa staji yake: apime maji ya visima vya mtaa, achore ramani ya mashimo yaliyoachwa yenye maji yaliyolala, ambamo mbu wa malaria wanazaa. Kazi yake ya mwisho iwe juu ya Mongbwalu. Inasikitisha kuona mtoto wa machimbo akiandika kurasa 60 juu ya barafu za ncha ya dunia, na mto wa nyuma ya nyumba yao, unaoingia Ituri, halafu Aruwimi, mpaka mto Kongo kule Basoko, haujaandikwa na mtu.

Kwa shemeji, mama, usiende na hotuba mbele ya kikao cha ukoo. Mwanaume mwenye mashimo hapendi kufundishwa mbele ya watu. Mwache binti mwenyewe amwendee asubuhi, kabla hajashuka, amsalimie vizuri, amwombe ruhusa ya jambo moja: kutengenezesha kile chombo cha chuma kwa fundi, na kukijaribu kwa kibonge kimoja, kando ya nyumba, mbali na watoto. Wapime zebaki kabla na baada, kwa mizani ya baba mdogo mwenyewe. Chombo kisifunguliwe kabla hakijapoa kabisa. Mwenye haraka ndiye anayevuta moshi wote kwa mara moja. Na baada ya siku hiyo kijiko kile kisirudi tena jikoni.

Mambo ya kuandikishwa: fotokopi ya diploma ya Leta, ao cheti cha kushinda kama diploma haijatoka Kinshasa, bulletini za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, karatasi ya daktari, na foto za paspoti. Apeleke fotokopi, na karatasi za kweli zibaki katika mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la mama. Atoe feza kwa banki ao kwa keshia mwenye risiti, si kwa kijana anayesimama mlangoni na kusema anamjua katibu.